Kulabu Iliyo Chini ya Mkia

Wasomaji wangu wa Kibera na Kawangware wanajua mambo yanavyokuwa siku za sikukuu za taifa. Kabla ya hotuba kuanza, ngurumo husikika upande mmoja wa mbingu, mabati ya paa hutetemeka, na watoto hutoka mbio njiani wakielekeza vidole juu. Wakati huo jeti zenyewe zimekwisha kupita zamani.

Sikukuu moja zilinikuta Kawangware, karibu na Barabara ya Naivasha, kwa fundi wa kuchomelea vyuma ambaye nilikuwa nimempelekea mguu wa kitanda. Alikuwapo pia kijana mmoja wa Kibera anayejifunza ufundi wa magari. Ngurumo ilipotulia, kijana alitoa simu yake akatuonyesha picha ya ndege aina ya F-5, iliyopigwa kutoka chini. Chini ya mkia palionekana wazi chuma kirefu chenye ncha iliyopinda.

"Tazameni kulabu hiyo," akasema. "Kulabu ni ya ndege za manowari. Ndege hii ilifanya kazi baharini hata ikachakaa, ndipo tukauziwa sisi."

Fundi akakataa kabisa. Kwa maoni yake chuma hicho ni cha kukokotea ndege iliyoharibika, kama lori linavyokokotwa. Maneno yakazidi, kila mmoja akaweka Shs. 500 juu ya fuawe, na kwa sababu ya mvi zangu wakanigeukia mimi. "Mzee, wewe unaandika gazetini. Amua." Mia tano si fedha ndogo kwa kijana ambaye bado analipwa chakula na nauli, nami sikutaka kumnyang'anya kwa kubahatisha. Niliomba wiki moja, na hukumu yangu ni hii.

Fundi ameshindwa, maana chuma hicho si cha kukokotea. Ndege hukokotwa kwa mti wa chuma unaofungwa penye gurudumu la mbele. Kijana naye ameshindwa, ingawa kwa kidogo tu, kwa kuwa asili ya kulabu ni baharini kweli.

Ilianza tarehe 18 Januari 1911, katika ghuba ya San Francisco huko Marekani. Rubani Eugene Ely aliteremsha eropleni yake juu ya sitaha ya mbao iliyojengwa nyuma ya manowari Pennsylvania. Kukatiza sitaha hiyo zilitandazwa kamba 22, na kila kamba ilikuwa na mfuko wa mchanga wa ratili 50 kila upande. Chini ya eropleni zilifungwa kulabu, nazo zilizoa kamba pamoja na mifuko yake hata chombo kikasimama. Aliyezibuni kulabu hizo, Hugh Robinson, aliwahi kufanya michezo ya hatari katika sarakasi, na mimi sioni ajabu.

Siku hizi mahali pa kamba pana waya nene za chuma, tatu au nne kwa kawaida, na mahali pa mchanga pana mitambo ya mafuta iliyofichwa chini ya sitaha. Ndege inayofika kwa mwendo wa maili 150 kwa saa husimamishwa kwa muda wa sekunde mbili hivi, katika nafasi inayopata futi 300 na kitu. Wala rubani hapunguzi moto magurudumu yanapogusa sitaha. Huuongeza hadi mwisho, kwa kuwa kulabu ikikosa waya zote lazima aruke tena mara moja, la sivyo ataishia majini. Ndiyo sababu ndege ya manowari hujengwa kwa mifupa mizito na miguu minene. Kwake kulabu ni kazi ya kila siku, maana bila hiyo hakuna kurudi nyumbani.

Ndege za namna hiyo si ngeni kwetu. Mwaka wa 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, manowari za Waingereza za Bahari ya Hindi zilirudi nyuma hadi Kilindini, na miongoni mwao zilikuwapo za kubeba ndege. Hapa hapa Nairobi, mbali kabisa na maji ya chumvi, Jeshi la Majini la Uingereza liliweka karakana ya kutengenezea ndege zake, likaiita kwa jina la Kiswahili, Korongo. Basi kulabu za baharini zimewahi kushikwa na mafundi wa mji huu zaidi ya miaka 80 iliyopita. Tena katika Januari 1964, askari wa Tanganyika walipoasi, manowari iliyokuja Dar es Salaam ilikuwa Centaur, ambayo ilichukua jeti zenye kulabu aina ya Sea Vixen.

Sasa tuirudie F-5. Ndege hizo zilianza kufika Kenya mwaka wa 1978, na kituo chake ni Laikipia, karibu na Nanyuki. Zilitengenezwa na kampuni ya Northrop ya Marekani, na hapa nitampa kijana wa Kibera haki yake: wahandisi walipoanza kuifikiri ndege ndogo ya namna hii katika miaka ya 1950, mmoja wa wanunuzi waliowatazamia alikuwa Jeshi la Majini la Marekani, kwa ajili ya manowari ndogo za kubeba ndege. Manowari hizo zikaondolewa kazini, na ndege ikawa ya nchi kavu. Haikupata kuishi melini. Miguu yake isingestahimili hata wiki moja ya kuangushwa juu ya sitaha.

Ya nini basi kulabu?

Wasomaji waliowahi kusukuma mkokoteni watanielewa upesi. Nyuma ya mkokoteni, chini kabisa, hupigiliwa kipande cha mpira wa gurudumu la gari. Mteremko ukiwa mkali na mzigo ukianza kumshinda mwenyewe, yeye huinua mikono ya mbele, nyuma ikashuka, na mpira ukasuguana na lami. Hautumii kila hatua. Upo kwa siku ile mzigo utakapotaka kumpita.

Jeti ya nchi kavu nayo ina breki za magurudumu, na F-5 ina mwavuli unaofunguka nyuma kuivuta. Lakini mwavuli huweza kukataa kufunguka, tairi huweza kupasuka, mafuta ya breki huweza kuvuja, na pengine injini huzimika wakati ndege inakimbia kuruka na njia iliyobaki ni fupi. Katika nchi yetu ya juu hatari hiyo ni kubwa kuliko Mombasa. Nanyuki iko zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Ili mabawa yaibebe ndege sawasawa, hulazimika kutua kwa mwendo uliozidi ule wa pwani kwa karibu sehemu moja katika kumi. Tena nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza haiongezeki sawa na mwendo, bali hupanda upesi zaidi: mwendo ukizidi kwa sehemu hiyo moja, nguvu huzidi kwa karibu moja ya tano.

Kwa hiyo katika viwanja vingi vya kijeshi duniani hutandazwa waya kukatiza njia, ukiinuliwa kidogo kwa vipande vya mpira ili kulabu ipite chini yake. Ncha zake hushikwa na mikanda mirefu iliyozungushwa katika magurudumu yenye breki zake, pembeni mwa njia. Zamani viwanja vingine vilitumia minyororo mizito ya nanga iliyolazwa chini. Ndege ilikuwa ikiikokota pingili baada ya pingili hata ikachoka. Ndege ya nchi kavu hupewa futi elfu moja hivi za kusimama, si mia tatu, maana mifupa yake ingekatika. Pasipo waya uwanjani, kulabu ni uzito wa bure.

Kuitumia kunataka moyo. Rubani lazima atangulize magurudumu chini kabla ya kufika penye waya, kwa kuwa akiunasa angali hewani atabamizwa. Lazima ashike katikati ya njia. Na jambo lililo gumu kuliko yote, anapoukaribia waya lazima aondoe miguu kwenye breki, wakati kila mshipa wa mwili unamwambia akanyage, maana breki huinamisha pua na kuinua mkia, na kulabu huweza kuruka juu ya waya. Hata akisha kusimama, mikanda iliyonyoshwa hujivuta na kumrudisha nyuma, naye haruhusiwi kuzuia kwa ghafula asije akakaa kwa mkia. Katika baadhi ya ndege hizo rubani huweza kuishusha kulabu kwa kidole tu, lakini kuirudisha juu ni kazi ya mafundi walio chini. Akisha kuishusha, kila mtu uwanjani anajua kwamba amekiri breki zimemshinda. Nadhani kuna marubani waliochelewa kwa sababu ya haya, na waya uko mahali pamoja tu, haumngoji mtu.

Nilirudi Kawangware nikayasoma haya yote mbele ya fuawe. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye hakuwa amekosea sana, kwani kulabu inavuta kitu, na kukokota ni kuvuta. Kijana alikuwa kimya. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba rubani huondoa miguu kwenye breki, nikamwambia ni kweli, akatazama picha katika simu yake kwa muda mrefu.

Fedha zilirudishwa kwa wenyewe. Mguu wa kitanda changu ulikuwa bado haujachomelewa.