Tukienda Mwanza, Tuitazame na Stesheni



Siku ya kwenda mjini kikazi mama huimaliza mbio mbio. Sisi wa Makoko tukifika Mwanza, mmoja ana mgonjwa wa kumsindikiza Bugando, mwingine ana karatasi za kugongewa mhuri, mwingine anafuata bidhaa za duka. Macho yote yako kwenye saa na basi la kurudi Musoma. Jioni watoto wakituuliza tumeona nini, tunajibu, "Foleni tu."

Mwezi huu tunashauri jambo dogo. Majibu ya maabara yakiwa bado, au karani akisema turudi saa nane, tuteremke hadi stesheni ya reli, tuitazame kwa dakika kumi.

Iko miji mikubwa ambayo stesheni zake zimo chini ya ardhi. London ilianza treni za namna hiyo mwaka 1863, na hadi leo wafanyakazi hupita katika baadhi ya stesheni zile za kwanza. Mwaka 1940, mabomu ya vita yalipoanguka usiku, akina mama walilala katika stesheni za chini pamoja na watoto wao. Mfanyakazi anayejua hayo hapiti pale kama anayepita ukutani. Sisi hatuna stesheni za chini ya ardhi, lakini tunazo za zamani zenye habari zake.

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Waingereza walipoishika nchi wakajenga tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza, likakamilika 1928. Musoma reli haikufika, ila meli za shirika la reli zilifika. Msafiri wa Mara aliweza kupanda meli Musoma, akashuka Mwanza, akaingia kwenye gari la moshi hadi Tabora au pwani. Mwalimu Nyerere alipotoka shule ya Mwisenge kwenda kusoma Tabora mwaka 1937, reli hiyo ilikuwa na umri wa miaka tisa tu.

Basi tuitazame kwa macho ya mama. Hapo ndipo reli inapoishia, mahali pa kuagana na kupokeana. Mama wa miaka ile aliyemsindikiza mwanawe hakuwa na simu. Alimfungia chakula cha njiani, akarudi nyumbani kungoja barua, na barua ilichukua majuma. Sisi mtoto akiwa bweni juma moja tu tunakosa usingizi!

Sasa reli mpya ya kutoka Isaka hadi Mwanza, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2021, italeta safari za namna nyingine. Ni jambo jema. Lakini bibi zetu walioijua safari ya meli na gari la moshi wanapungua kila mwaka, nao huondoka na habari zao.

Tufanyeje basi?

1. Tukifika stesheni tukae kivulini, tunywe maji, tupumzishe miguu. Sisi wauguzi tunajua kwamba kichwa kinachouma saa tisa mchana mara nyingi kinadai maji na kutulia kabla ya vidonge.

2. Tusikanyage reli wala kuvuka ovyo, mkoba tuushike, na kabla ya kupiga picha tuombe ruhusa.

3. Tukirudi, tumwulize bibi au mama mkwe: ulipanda gari la moshi lini? Ulikwenda wapi? Nani alikusindikiza? Watoto wawepo wasikie, na mmoja aandike katika daftari.

Huenda mama mkwe ambaye tumezoea kuzungumza naye habari za chumvi na kuni tu, siku hiyo akasimulia hadi chai ikapoa.