Mchongaji alisomea uwanja wa ngoma

Mzazi mwenzangu, mtoto wako akifinyanga mtu wa udongo au akiunga mabua ya mahindi, usiwahi kumgombeza kwamba anachezea uchafu.

Kwetu Usukumani, Shinyanga hadi Geita, kuna mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja. Upande unaovuta watazamaji wengi ndio mshindi. Ili kuwavuta, wachezaji waliingia uwanjani hata na sanamu za mti, nyingine zikiwa na mikono ya kuchezeshwa. Aliyezichonga alipaswa kujua bega linavyopanda na mkono unavyorushwa. Darasa lake lilikuwa ngoma yenyewe.

Leo baadhi ya sanamu hizo zimo kwenye makumbusho ya Ulaya, na nyingi hazina jina la mchongaji. Kwa hiyo babu na bibi wangali hai, waulizeni: kijijini kwetu nani alichonga? Mtoto aandike jina hilo kwenye daftari. Mkipata nauli, mpelekeni Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, kule Kisesa karibu na Mwanza. Kisha mwacheni achonge.