Eti waongoza njia wanatubania!

Najua niliahidi kuandika kuhusu maji ya bwenini, hiyo itasubiri. Kuna maneno yanazunguka hapa chuoni tangu wiki iliyopita na yamenikera. Eti wale waongoza wageni wa kule juu, wanaopeleka watu Choma, Morningside na Bondwa, wamekuwa wajeuri. Eti wanatubania data. Eti utafiti wetu unakwamishwa na watu ambao hata kidato cha nne hawakumaliza. Hii ya mwisho imesemwa na mwalimu mtarajiwa, tena wa mwaka wa tatu. Kha!

Nieleze kwanza kilichotokea, maana wengi wanapiga kelele wakati habari wameisikia nusu. Wenzetu kadhaa walitaka kufanya utafiti wa mwisho kuhusu njia za mlimani na watu wanaozitumia. Wakaandikia barua kikundi kimoja cha waongoza njia (jina nalihifadhi, hawajanituma niwasemee). Barua ilisema "ushirikiano". Kikundi kikajibu kwa upole kabisa: sawa, karibuni, ila tuna mambo matatu. Tuyaone maswali kabla hamjaanza kuuliza watu. Atakayewapandisha alipwe siku yake, hata kama si bei ya Mzungu. Na mkimaliza, mrudi mtusomee mlichokipata kwa Kiswahili, kabla hamjaipeleka ripoti kubaindiwa. Basi. Hayo ndiyo masharti magumu yanayowaliza watu kwenye vimbweta.

Twende kwenye hela, maana hapo ndipo panapouma. Sijawahi kuona mwanachuo anagombana na mwenye steshenari. Ukiambiwa kurasa sitini ni kiasi fulani, unatoa. Bodaboda mpaka lami inapoishia unalipa. Ukitaka kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, ile iliyotangazwa mwaka 2008, unafuata kibali TFS na wala hununi. Ila huyu aliyeacha shamba lake tangu alfajiri, anayekutoa mjini kwenye mita kama 500 mpaka Bondwa inakopita 2,000, anayekubebea begi ukianza kuhema Morningside, huyo ndiye apewe "asante sana kaka" na soda? Tena soda yenyewe ya kugawana!

Na wala si jambo geni mtu wa chini kumlipa mtu wa juu kwenye mlima huu. Mwishoni mwa miaka ya 2000, CARE na WWF waliendesha mpango Kibungo Juu, ambapo wakulima walilipwa kwa kulima kwa namna inayohifadhi udongo na maji ya mto Ruvu. Waliochangia malipo ni watumiaji wa maji hayo: DAWASCO, kama ilivyoitwa wakati huo, na Coca-Cola. Mnaweza kuukosoa mpango ule mnavyotaka, lakini kampuni ya soda ilikubali kwamba kazi ya mtu wa mlimani ina bei. Sisi wasomi bado tunajadiliana.

Haya, la maswali sasa. Hapa ndipo nilipowapenda wale jamaa. Nimeliona lile dodoso. Swali la nne linamuuliza "baba mwenye kaya" shamba lake lina ekari ngapi. Jamani! Waluguru wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi nyingi huko juu historia yake ni ya ukoo. Unaweza kumkuta baba analima vizuri tu shamba ambalo ni la ukoo wa mkewe, na ukimwuliza "shamba lako" atakutajia namba ili uondoke. Hiyo namba utaiingiza kwenye kompyuta, itatoka na asilimia nzuri yenye desimali mbili, utapewa B+, na itakuwa uongo. Muongoza njia aliyesoma swali lile alicheka tu. Angeonyeshwa mapema, dodoso lingepona kwa dakika tano.

Halafu dodoso zima limejaa watalii. Watalii wanapenda nini, watalii wanatumia kiasi gani, watalii wanaogopa nini. Hakuna swali hata moja kuhusu kina mama wanaoshuka gizagiza na ndizi na mboga kichwani kwenda Soko la Chifu Kingalu. Zile njia ni zao kabla ya kuwa za mtu yeyote mwenye kamera. Njia ikikatika wakati wa masika, mtalii ataenda Mikumi. Mama wa Choma ataenda wapi?

Najua mtajibu nini, nimeshalisikia: "Tukiwaachia wanakijiji waingilie maswali, utafiti utapotoka." Nyie, someni historia ya mlima huu. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Wataalamu walisema udongo unamomonyoka, na hapo hawakukosea. Tatizo ni kwamba dawa walikuja nayo mfukoni: watu wachimbe matuta, kwa amri, siku fulani za wiki. Waluguru wakalalamika kwamba udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, ukichimba vile unaufukia na kupanda kwenye udongo mfu, na kazi yenyewe inaua. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 Matombo kukachafuka, polisi wakaletwa, mtu akapoteza maisha, na mpango ukafa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kumwacha mwenye mlima nje ya maswali ndiko kunalinda ukweli.

Nakubali kitu kimoja. Kikundi nacho kina maslahi. Wangependa ripoti iseme kila mgeni lazima apande na muongoza njia, na hilo si lazima liwe kweli kwa kila njia. Sawa. Wao waone maswali, majibu yabaki yalivyotoka, na maslahi yao yaandikwe wazi ukurasa wa kwanza pamoja na yetu. Maana na sisi tunayo. Tunataka kumaliza chuo bila sapu.

La Kiswahili nashangaa hata linabishaniwa vipi. Tunaandika kwa Kiingereza kwa sababu chuo kinadai, sina ugomvi. Lakini sisi ni wa EDUCATION, wapendwa. Mtu anayesomea kufundisha akishindwa kueleza kurasa sitini zake kwa Kiswahili, kwa nusu saa, chini ya mwembe, basi kuna uwezekano mkubwa zile kurasa alidesa.

Na hapa hapa Morogoro tuna mfano. MVIWATA, ule mtandao wa vikundi vya wakulima wenye makao yake makuu mjini kwetu, ulianza mwaka 1993 kwa msaada wa watu wa SUA. Wakulima walikutana, wakatembeleana, wakasikilizana shida zao wenyewe, na wasomi wakasaidia kuwezesha. Leo ni mtandao wa nchi nzima na ni wa wakulima. Ushirikiano ulizaa kitu ambacho mshirika wa pili anakimiliki. Sasa nitajieni ripoti moja ya fildi iliyoacha chochote huko juu zaidi ya alama za rangi kwenye miti.

Kikundi wala hakihitaji makubwa. Swali lao ni hili: mbona njia ya Choma inageuka korongo, na ni wapi panaharibika haraka zaidi? Hilo linapimika. Unapigilia vigingi viwili vya kudumu, kimoja kila upande wa njia, unavuta kamba, unapima kina kila baada ya sentimita 20. Unarudia pale pale kabla ya vuli na baada ya masika. Semesta moja haitoshi, ni kweli kabisa, ndiyo maana waongoza njia wapime kila mwezi wakiwa wanapita, na kila mwaka wa tatu umkabidhi daftari mwaka wa pili. Na wakati huohuo mtu akae asubuhi ahesabu nani anapita na amebeba nini. Kwa mwalimu wa jiografia hilo ni somo tayari, na shule za huko juu zitalitumia.

Wawili kati ya wale walioandika barua wamekubali kuiandika upya. Swali la nne limefutwa. Tunakutana Alhamisi saa kumi, vimbweta vya nyuma ya maktaba, kisha Jumamosi tunapanda kuwapelekea. Nauli na posho ya muongoza njia tunachangishana, atakayesubiri boom aseme mapema. Na mwenye futi ndefu ya kupimia, ile ya mita 30 au 50, tunaomba kuazima. Tutairudisha.