MTOTO NI AMANA, ASIACHWE GARINI

Kila kaskazi ikiingia, joto huja nayo, nasi watu wa visiwani tumekwisha kulizoea. Twajua kutafuta upepo wa barazani na kivuli cha mwembe. Lakini lipo joto jingine ambalo wazee wetu hawakulijua, kwani limekuja pamoja na wingi wa magari. Hilo ni joto la ndani ya gari lililofungwa, nalo huua watoto.

Jua hupenya vioo, likapasha viti na dashibodi, na joto likakosa pa kutokea. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulionesha kuwa joto la ndani ya gari hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi katika saa moja, na asilimia 80 ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kuteremsha vioo kidogo hakukuleta nafuu ya maana. Kwa hesabu hiyo, siku ya nyuzi 32 hapa Unguja au Pemba, gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 50. Na mwili wa mtoto mchanga hushika joto mara tatu hadi tano kwa haraka kuliko wa mtu mzima.

Wapo watakaosema kuwa mzazi mwenye mapenzi hawezi kumsahau mwanawe. Kauli hiyo ndiyo iliyowaponza wengi. Nchini Marekani, tangu mwaka 1998, watoto zaidi ya 900 wamekufa kwa joto ndani ya magari. Zaidi ya nusu yao walisahauliwa na wazazi au walezi waliowapenda, na takriban robo waliingia wenyewe katika magari yasiyofungwa kwa ufunguo. Mtoto akilala kiti cha nyuma, na dereva akashika njia yake ya kila siku, akili humwambia kuwa amekwisha mfikisha. Kwa hiyo kinga haimo katika mapenzi peke yake, bali imo katika utaratibu.

Japani, ambako ndiko yanakotoka magari mengi tunayoyatumia, imelijua hilo kwa machungu. Mwaka 2021 mtoto wa miaka mitano alikufa katika basi la watoto mkoani Fukuoka. Mwaka 2022 mwengine wa miaka mitatu akafa vivyo hivyo mkoani Shizuoka: gari halikukaguliwa, na wazazi hawakuulizwa kwa nini mtoto hayupo darasani. Tangu Aprili 2023, sheria ya nchi hiyo inataka mabasi ya skuli za watoto yawe na kifaa cha kumlazimisha dereva kukagua viti hadi cha nyuma. Magari ya zamani yanayotufikia hayana kifaa hicho. Basi macho yetu na yawe ndiyo kifaa.

Kila asubuhi watoto wa skuli za maandalizi hupakiwa garini kwa wingi. Tunazitaka mamlaka za elimu na usalama barabarani ziweke amri ya wazi: kila gari la skuli liwe na orodha, watoto wahesabiwe wanapopanda na wanaposhuka, dereva asifunge mlango kabla ya kufika kiti cha mwisho, na mwalimu ampigie simu mzazi wa kila mtoto asiyeonekana darasani. Amri hiyo haihitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka nje.

Masheha nao wahakikishe kuwa magari mabovu yaliyotelekezwa mitaani yamefungwa au yameondolewa, maana watoto hupenda kujificha humo wakicheza. Mzazi naye asimwache mtoto garini hata kwa dakika za kununua mkate, na aweke mkoba au simu yake kiti cha nyuma, karibu na mtoto.

Mpita njia akimwona mtoto amefungiwa, asingojee mwenye gari. Aite watu, na ikibidi avunje kioo kilicho mbali na mtoto, amtoe kivulini, amvue nguo, ammwagie maji, ampepee, na amkimbize hospitali.

Kioo hununuliwa dukani. Mtoto ni amana, na amana haina duka.