Kadi ya Bima ya Afya ni Amana

Ndugu Waislamu, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya nchini Tanzania uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 3. Fedha hizo si akiba ya aliyekatwa. Mwaka asiougua yeye, hutibiwa mwanachama mwenzake.

Basi anayemwazima mpwa wake kadi ili atibiwe kwa jina lisilo lake, hata kama ni kwa huruma, ametoa kisichokuwa chake. Tena maradhi ya mmoja huandikwa katika jalada la mwingine, na daktari wa kesho akatibu kwa habari za uongo.

Je, mpwa aachwe ateseke? Hasha! Ikiwa sheria inamtambua kuwa mtegemezi, aandikishwe mapema kabla hajaugua. Ikiwa haimtambui, ukoo umchangie. Na akiwa fakiri, anayo haki katika zaka. Tuizingatie amri ya Suratun Nisaa, aya ya 58, ya kuzifikisha amana kwa wenyewe. Huruma haihalalishi hiana.

Wallahu aalam.