Tusiwafungie Vijana Ukumbi

Wako wakristo wenzetu wasemao kwamba kijana aliyetumwa chuoni kusoma, akishika kamera, amepotea. Twawapinga.

Papa Pius XI, katika barua yake ya mwaka 1936 juu ya sinema, alizionya hatari zake, lakini hakutuamuru tuikimbie. Alitaka filamu njema zitengenezwe. Ndipo Padri Albert Van Haelst akatengeneza filamu kule Kasai miaka ya 1950. Padri aliposhika kamera tulipiga makofi. Mbona mtoto wetu akiishika twanung'unika?

Tazameni Kisangani. Dieudo Hamadi alisomea uganga, kisha akageukia sinema. Filamu yake juu ya watu waliolemazwa na Vita vya Siku Sita vya Juni 2000 ilichaguliwa na tamasha la Cannes mwaka 2020. Je, huyo alipotea?

Na sisi wa Ituri? Vita vya 1999 hadi 2003 vilionyeshwa duniani na wageni. Wakapanda ndege, tukabaki na makaburi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nani ataonyesha Mhema aliyemficha Mlendu, na Mlendu aliyemficha Mhema, kama si watoto wetu?

Basi wanafunzi wa Bunia wakiunda chama cha sinema, wakatengeneza filamu fupi, tuwafungulie ukumbi wa parokia. Waonyeshe, nasi tutazame, tuulize, tukosoe. Anayepiga picha machozi ya kabila lake tu, tumwambie wazi amesema nusu ya kweli. Lakini tumwambie ukumbini, si kwa kufunga mlango.