Kocha wa Sumbawanga anaanzia darasani, je, anaishia wapi?

Msimu wa UMISSETA ukifika, angalia nani anashuka kwenye gari na timu ya netiboli ya Nkasi au Kalambo. Mara nyingi ni mwalimu wa somo lingine kabisa. Asubuhi kafundisha Hisabati, jioni yuko uwanjani na filimbi. Ukocha Rukwa unaanzia hapo, mara nyingi kwa kujitolea.

Ngazi ya wachezaji inaeleweka: shule, wilaya, mkoa, taifa. Mtoto akifanya vizuri, anaonekana. Lakini mwalimu aliyempeleka hadi Mtwara 2021 au Tabora 2022 anarudi nyumbani na kuanza upya. Timu imeshinda ngapi, ametoa wachezaji wangapi, hakuna anayemhesabia.

Tatizo lenyewe ndilo hilo. Kazi yake haigeuki kuwa sifa ya kumpandisha.

Tuone wenzetu. Marekani, ukocha wa softiboli vyuoni ni ajira kamili. Patty Gasso, mmoja wa makocha wakubwa wa mchezo huo, hakuanzia juu. Alianza ukocha wa chuo mwaka 1990 Long Beach City College, chuo cha miaka miwili tu. Matokeo ya pale ndiyo yaliyomfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, ambako aliteuliwa kocha mkuu mwaka 1995. Hadi 2024 alikuwa amebeba ubingwa wa taifa mara 8. Chuo kidogo kilimpa rekodi, na chuo kikubwa kikaisoma.

Sumbawanga nako kuna chuo. Chuo cha Ualimu Sumbawanga kinatoa walimu, na walimu hao ndio makocha wa kesho wa shule zetu. Lakini anayetaka kusomea ukocha wenyewe, chuo cha Serikali kinachojulikana kwa kazi hiyo ni Malya, wilayani Kwimba, Mwanza. Kutoka Sumbawanga unapita Mpanda, Tabora, kisha unaendelea. Ni mamia ya kilomita, na bado kuna ada, chakula na ruhusa ya mwajiri. Mwenye mshahara wa mwalimu na familia anajiuliza mara mbili.

Soka lina njia iliyonyooka zaidi: leseni za CAF, D, C, B hadi A, na Ligi Kuu inataka kocha mkuu mwenye A. Lakini kadiri unavyopanda, kozi zinakuwa chache na za mbali. Tena ukishapata cheti, unahitaji klabu ya kufundisha. Hapo mkoa unakwama.

Mnakumbuka 2020/21? Tanzania Prisons walihamia Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Tarehe 22 Oktoba 2020 wakaifunga Simba, bingwa mtetezi, bao 1-0 pale pale. Mji ukasimama. Kwa kocha kijana wa Ufipa, ule ulikuwa pia mwaka wa kuona mazoezi ya timu ya Ligi Kuu bila kupanda basi la Mbeya. Baadaye Prisons wakarudi Mbeya, na shule ile ya bure ikaondoka nao.

Netiboli, wavu na riadha hali ni ngumu zaidi, maana hata klabu ya kulipa mshahara ni ya kutafuta kwa tochi. Na riadha ndiyo inauma. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hali ya hewa ya baridi, nchi wazi ya kukimbia. Wakenya wa Iten wamejenga jina kwa mazingira ya juu kama hayo, ila kule kuna makocha wanaoishi kwa kazi hiyo.

Sasa kuna nafasi. Mtaala mpya wa msingi una somo la Sanaa na Michezo. Maana yake michezo inapaswa kuwa kwenye ratiba, siyo hisani ya mwalimu baada ya saa za kazi. Lakini somo bila mwalimu aliyefundwa ni jina tu kwenye karatasi.

Yanayohitajika hayana gharama ya kujenga uwanja. Kwanza, Malya na vyama vya michezo walete kozi fupi mikoani wakati wa likizo. Chuo cha ualimu kina madarasa na mabweni tayari. Pili, miaka ya mwalimu UMISSETA na UMITASHUMTA iandikwe na ihesabiwe anapoomba kozi au cheo. Tatu, halmashauri ikimruhusu mwalimu kwenda kusoma, imtumie akirudi.

Vinginevyo tutaendelea hivi hivi: mtoto wa Laela anaibuliwa na mwalimu wa Laela, anapokelewa na kocha wa Dar, na mwalimu anabaki na filimbi yake akisubiri msimu ujao.